Hizo Dakika Tatu Ziacheni

Wanachuo wenzangu, naandika makala hii nikiwa na deni la kuomba radhi. Kuna rubani mmoja na watu wa mnara wa kuongozea ndege ambao niliwatukana kimoyomoyo mwaka jana. Hawajui kama niliwatukana, na pengine hawatasoma gazeti hili, lakini deni ni deni.

Ilikuwa wiki ya majaribio. Saa sita mchana mjomba akanipigia simu: bibi yetu wa Bububu, Unguja, amefariki asubuhi, na maziko ni leo leo baada ya sala ya alasiri. Mimi niko hosteli Dar es Salaam. Boti ya saa sita na nusu nisingeiwahi hata kwa miujiza. Mjomba akasema, "Nenda uwanja wa ndege, nakukatia tiketi ya ndege ndogo." Basi mimi, mtoto wa bumu ninayehesabu sahani za wali maharage mpaka mwisho wa mwezi, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani siku ya kumzika bibi yangu.

Ndege yenyewe ilikuwa na panga moja mbele na abiria kumi na kidogo. Nilikaa nyuma kabisa ya rubani, hata mikono yake naiona. Tukatambaa mpaka pembeni mwa njia ya kurukia, tukasimama. Mbele yetu ikapita ndege kubwa ya safari za ng'ambo, ikanguruma, ikanyanyua pua, ikapaa. Nikasema moyoni, haya, sasa zamu yetu. Rubani hakugusa kitu. Nusu dakika ikapita. Dakika ikapita. Njia ilikuwa nyeupe pee, huoni hata kunguru.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akashindwa kuvumilia. "Kapteni, tunangoja nini baba? Njia si hiyo iko wazi?"

Rubani akageuka nusu. "Njia iko wazi mzee wangu. Hewa ndiyo haijawa wazi. Mnara wametupa dakika tatu."

Mzee akavuta pumzi, akatulia. Mimi sikutulia. Dakika tatu za nini? Bibi yangu yuko kwenye jeneza, halafu eti tunangoja hewa!

Nilipofika Bububu nilikutana na watu wanatoka makaburini. Talakini imeshasomwa, kaburi limeshamwagiwa maji. Mjomba akanishika bega akasema, "Umechelewa kidogo tu mwanangu." Hilo neno "kidogo tu" ndilo lililonimaliza. Usiku ule nilikaa barazani nikapiga hesabu. Foleni ya Tazara, dakika arobaini. Kupima mizigo na kusubiri kuitwa, karibu nusu saa. Teksi ya kutoka uwanjani, nayo ilisimama mara mbili kwenye foleni. Na zile dakika tatu. Ajabu yake ni kwamba foleni ya Tazara sikuikasirikia hata kidogo. Hasira zangu zote zilikuwa kwenye zile tatu.

Nimefikiri sana kwa nini. Foleni naiona: kuna malori, kuna daladala, kuna trafiki kanyoosha mkono. Lakini pale uwanjani nilitazama kwa macho yangu nikaona njia tupu. Tukiambiwa tungoje na sababu haionekani, tunaona tunaonewa.

Msimamo wangu leo ni huu: zile dakika zilikuwa halali yetu, zililipwa kwa maisha ya watu, na mtu yeyote asituombe tuzipunguze kwa haraka zake. Na pili, sisi tunaosomea ualimu tuna kosa letu katika jambo hili. Nitalieleza mbele.

Kwanza tuulize: ndege kubwa ikishaondoka, kinabaki nini?

Aliyewahi kukaa pale Feri, upande wa Kigamboni au upande wa mjini, atanielewa haraka. Boti ya Zanzibar inatoka bandarini kwa kasi, inapita ngalawa za wavuvi, inakwenda zake. Mawimbi yake hayafiki kwenye ngalawa wakati ule ule. Yanafika baadaye kidogo, boti ikiwa imeshasogea. Mvuvi anayajua, anaelekeza omo ya ngalawa yake kwenye wimbi na kungoja limpite. Sijawahi kusikia mvuvi akisema kwamba kwa kuwa boti imeshapita, basi bahari imetulia.

Angani ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wimbi la hewa halionekani. Bawa la ndege linabeba uzito kwa sababu hewa ya chini yake inasukuma zaidi kuliko ya juu yake. Pale kwenye ncha ya bawa, hewa ya chini inapata upenyo, inazunguka ncha na kupanda juu, na kwa kuwa ndege inasonga mbele, mzunguko huo unabaki nyuma kama kamba iliyosokotwa. Kila ncha inaacha kisulisuli chake, na viwili hivyo vinazunguka kwa kupingana. Ndege ikiwa nzito na ya polepole, visulisuli vinakuwa na nguvu zaidi. Sasa fikiria ndege ya safari ndefu inaporuka: imejaa mafuta, na bado haijachanganya mwendo. Uzito uko juu, kasi iko chini.

Visulisuli hivyo hushuka taratibu. Vikikaribia ardhi hutawanyika pembeni, na upepo mdogo wa ubavuni unaweza kukizuia kimoja kikaganda juu ya njia ile ile ya kurukia. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kuviringishwa kwa nguvu kuliko uwezo wa usukani wake kuizuia. Ikiwa juu sana, rubani ana nafasi ya kujinasua. Ikiwa ndiyo kwanza imeacha lami, chini yake hakuna nafasi ya kosa.

Dawa inayotumika ni muda. Kisulisuli kikiachwa huchoka na kufa chenyewe.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka viwango. Mpango wa siku nyingi unazigawa ndege kwa uzito wa juu kabisa zinaoruhusiwa kuruka nao. Nyepesi ni zile zisizozidi kilo 7,000. Nzito ni kuanzia kilo 136,000. Katikati ya hizo ni za kati, na Airbus A380 ikatengewa fungu lake peke yake kwa ukubwa wake. Ndege nyepesi au ya kati ikiruka nyuma ya ndege nzito kutoka sehemu ile ile ya njia, inapewa angalau dakika 2. Nyepesi nyuma ya ya kati, dakika 2 pia. Ikianzia katikati ya njia badala ya mwanzo, zinakuwa 3.

Hapo kwenye 3 ndipo nilipojikuta mimi. Ndege ndogo haihitaji njia yote, kwa hiyo mara nyingi huingilia katikati. Lakini ukianzia katikati unaacha ardhi karibu na pale ndege kubwa iliponyanyua pua, yaani pale pale kisulisuli kilipozaliwa. Ukianzia mwanzoni, unaweza kuwa umeshapaa kabla hujapafika. Dakika moja ya ziada ina sababu yake, na mtu akinieleza naielewa bila shida.

Tazama uwanja wetu wa Julius Nyerere. Ndege ya panga moja ya kwenda Zanzibar, kama Cessna Caravan, hata ikijaa ni takriban tani 4. Dash 8 ya mapanga mawili iendayo mikoani haifiki tani 30. Boeing 787 inaruhusiwa kuruka ikiwa na zaidi ya tani 220. Zote tatu zinatumia njia moja. Kule mnaramwe ndiko kuna mtu anayepanga nani amfuate nani na baada ya muda gani. Na kisulisuli si hesabu yake pekee. Pale nafasi inapopimwa kwa saa badala ya rada, kuna dakika 1 kama ndege mbili zitaachana mara tu baada ya kuruka kwa pembe isiyopungua nyuzi 45. Kuna dakika 2 kama zinafuata njia moja na ya mbele inaizidi ya nyuma kasi kwa noti 40 au zaidi. Kuna dakika 5 kama ya nyuma itapanda na kupita kimo cha ile ya mbele kwenye njia hiyo hiyo, mpaka zitakapopishana vya kutosha kwenda juu. Yote hayo anayabeba kichwani huku sisi tunatazama njia tupu na kugonga magoti.

Nilisema zililipwa kwa maisha ya watu. Tarehe 30 Mei 1972, kwenye uwanja wa Greater Southwest huko Fort Worth, Marekani, ndege ya DC-9 ya shirika la Delta iliyokuwa kwenye mafunzo ilikuwa inatua nyuma ya ndege kubwa ya DC-10. Ikaingia kwenye kisulisuli cha ile ya mbele, ikaviringika na kuanguka. Watu wote 4 waliokuwamo walikufa. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizosukuma kanuni za nafasi nyuma ya ndege nzito ziangaliwe upya. Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya kale, tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabu, ndege ndogo ya jeti aina ya Challenger iliyotoka Maldivi kwenda Abu Dhabi ilipishana na A380 iliyokuwa juu yake futi 1,000. Muda mfupi baadaye ikapigwa na kisulisuli, ikaviringishwa na kupoteza futi zaidi ya 8,000. Marubani walifanikiwa kuishusha Muscat, baadhi ya abiria wakiwa wameumia vibaya. Ndege hiyo haikuruka tena. Na hapo walikuwa juu sana, wenye nafasi ya kuporomoka. Mimi pale Dar ningekuwa juu ya paa za Kipawa.

Sasa nije kwenye ajali iliyonigeuza mawazo kabisa, maana hii inatuhusu sisi wa kitivo cha elimu moja kwa moja.

Tarehe 12 Novemba 2001, asubuhi, ndege ya American Airlines namba 587, Airbus A300, iliruka kutoka uwanja wa John F. Kennedy, New York, kwenda Santo Domingo. Mbele yake ilikuwa imeruka Boeing 747 ya Japan Airlines. Mnara uliwatahadharisha marubani juu ya hewa iliyovurugwa na ile ndege ya mbele. Nafasi iliyotakiwa ilikuwepo. Hata hivyo ndege iliguswa na kisulisuli, ikatikisika. Rubani msaidizi akaanza kukanyaga pedeli za usukani wa mkiani kwa nguvu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkia ukang'oka. Ndege ikaangukia makazi ya Belle Harbor, Queens. Watu 260 waliokuwamo na wengine 5 waliokuwa chini wakafa.

Mwaka 2004 bodi ya uchunguzi ya Marekani ilitoa taarifa yake. Mkia ulikatika kwa sababu ya mikanyago ile isiyohitajika na iliyopita kiasi. Ikataja na mambo mawili yaliyochangia: jinsi mfumo wa usukani wa mkiani wa ndege hiyo ulivyoundwa, na sehemu za mafunzo ambayo shirika lilikuwa likiwapa marubani wake.

Rudia hapo mwisho. Mafunzo. Rubani alifundishwa jinsi ya kukabiliana na hewa ya namna hiyo, na sehemu ya alichofundishwa ilichangia kumwua yeye na abiria wake. Kisulisuli chenyewe kisingeiangusha ndege ile.

Niliposoma hayo nilifunga simu nikakaa. Kumbe nafasi peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye kichwa cha aliyefundishwa, na kwa hiyo iko mikononi mwa aliyemfundisha.

Hapa nije kwenye kosa letu, na naanza na langu. Nilipokuwa mazoezini kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari, nilipewa kipindi cha Fizikia, kidato cha tatu, cha vitendo. Tulikuwa tunachemsha maji juu ya kichomeo, na stendi ya chuma ya miguu mitatu. Nikaandika ubaoni kanuni za maabara, moja ikisema: subiri dakika kumi kabla ya kuondoa stendi. Sikuandika sababu. Wanafunzi walikuwa zaidi ya sitini, kipindi kinakimbia, mwalimu wangu wa usimamizi yuko mlangoni na karatasi yake ya alama. Moto ukazimwa. Binti mmoja mchangamfu, mwenye kujituma, akaona anisaidie. Akaishika stendi. Vidole vitatu vikababuka.

Tulipokuwa tunamwagia maji akaniambia jambo ambalo silisahau: "Lakini sir, moto si ulikuwa umeshazimwa?"

Ni swali la yule mzee wa kofia ya kiua. Ni swali langu mwenyewe. Moto umezimwa, ndege imeondoka, njia iko wazi, tunangoja nini? Binti yule hakuwa mkaidi. Alitumia akili yake kwa alichokiona, na mimi mwalimu nilikuwa nimemnyima kile asichoweza kukiona. Nilimpa dakika kumi bila kumpa joto lililobaki ndani ya chuma.

Nasi ndivyo tulivyolelewa na shule zetu, tuseme ukweli. Usiguse. Subiri. Fanya kama ulivyoambiwa. Ukiuliza kwa nini, unaonekana mjuaji. Tunafaulu, tunapewa vyeti, na tunakuwa watu wazima wanaoheshimu kanuni pale tu palipo na askari. Mimi nimesoma msukumo wa hewa tangu kidato cha pili, nimeupigia mahesabu mpaka chuo, lakini siku ilipokuja mbele ya macho yangu sikuutambua.

Nina rafiki yangu wa biashara aliyesoma rasimu ya makala hii akanipinga. Alisema: "Ndugu, muda ni pesa. Ndege inayongoja inachoma mafuta, abiria wanakosa ndege za kuunganisha. Ukiongeza dakika kila mahali uwanja unajaa. Mbona wenzetu wanapunguza?"

Ni kweli, wanapunguza. Kuanzia mwaka 2012 uwanja wa Memphis, Marekani, ulianza kutumia mgawanyo mpya wa ndege kwa nafasi hizi, unaotazama zaidi ya uzito peke yake, ikiwemo urefu wa mabawa, na nafasi kati ya ndege nyingi ikapungua. ICAO nayo imekuja na makundi saba yanayoweza kutumika badala ya yale ya zamani. Lakini rafiki yangu, tazama walivyofika hapo. Walivipima visulisuli kwa miaka, wakajua kipi kinakufa haraka na kipi kinachelewa, ndipo wakakata.  Huo ndio upunguzaji ninaoukubali. Ule wa kuangalia saa ya mkononi na kusema "njia si iko wazi" siukubali, hata akiusema mtu mwenye msiba kama nilivyokuwa mimi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulijui: kiwango ni cha chini kabisa. Rubani akiona mashaka anaweza kuomba muda zaidi. Anahitaji tu abiria wasiompigia kelele mgongoni, na mabosi wasiomhesabia dakika hizo kama uzembe.

Basi naomba mambo mawili kwenu.

La kwanza ni kwa wenzangu wa ualimu, hasa mnaojiandaa kwenda mazoezini muhula huu. Usimpe mwanafunzi kanuni ya kungoja bila kumpa sababu yake. Kama ni joto ndani ya chuma, mrushie tone la maji juu ya stendi alisikie linavyolia. Kama ni hewa nyuma ya ndege, mpeleke Feri akaone ngalawa. Inachukua dakika mbili za kipindi. Silabasi haitakufa.

La pili ni kwa wote, wa sheria, uhandisi, utawala, siasa. Baada ya miaka kumi au kumi na tano baadhi yenu mtakuwa wakurugenzi na waheshimiwa. Kuna siku mtakuwa na haraka, na haraka yenu itakuwa ya kweli. Kutakuwa na kikao, kutakuwa na mgonjwa, kutakuwa na maziko. Mtakuwa na namba ya simu ya mtu anayeweza kumsukuma mtu wa mnara. Msiipige.

Mimi bibi yangu sikumtia udongo. Jambo hilo bado linaniuma, na sitawadanganya kwamba elimu ya hewa imelifuta. Likizo iliyopita nilikwenda Bububu nikakaa pale kaburini, nikamsomea Yasin. Nilipanda boti ya asubuhi. Tulipotoka mlango wa bandari nilisimama nyuma nikaangalia mawimbi yetu yakienda taratibu kwenye ngalawa mbili. Wavuvi wakageuza omo, wakangoja. Yalipopita, wakaendelea kuvua.